Kipimo cha Mgongo

Fundi cherehani hawezi kujipima mgongo. Kifua nitajipima, kiuno nitajipima, hata urefu wa mkono nikibana ncha ya tepu kwa kidevu nitaupata. Lakini kutoka kwenye ile pingili inayochomoza chini ya shingo hadi kiunoni, hapo lazima awepo mtu wa kusimama nyuma yako. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa mume wangu. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja kule Nyakato, na mpaka anaingia kaburini hakujua kutofautisha pindo na mshono. Ila kipimo cha mgongo wangu alikijua. Alikichukua polepole, akakiandika mwenyewe kwenye daftari langu kwa ile hati yake ya kikarani, tarakimu zimesimama wima kila moja mahali pake.

Alipofariki, na sasa ni miaka tisa, niliacha kujishonea. Nilishona za watu. Zangu zilikuwepo kabatini, zilitosha, na ukiwa peke yako nguo haichakai haraka kwa sababu huna mahali pa kwenda nayo.

Halafu mwaka jana kina mama wa kanisani kwetu tukaamua kubadili sare. Kitenge kilinunuliwa kwa pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wao hapa Mabatini tangu wengine hawajazaliwa, mzigo wote ukaletwa sebuleni kwangu. Wakaja mmoja mmoja kupimwa. Hapo naomba niseme jambo ambalo kila fundi analijua. Mtu akiona tepu anajinyoosha. Anavuta tumbo ndani, anainua kidevu, anakuwa mtu mwingine kabisa. Ukimshonea huyo aliyejinyoosha, gauni litamkataa Jumapili, kwa sababu kanisani hatakwenda huyo, atakwenda yule wa siku zote mwenye bega moja chini. Basi mimi humwambia, simama kawaida, kisha namuuliza habari za watoto, habari za shamba, mpaka asahau kama anapimwa. Akishasahau tu, mwili unarudi kwake, nami naandika haraka.

Kwa namna hiyo niliijua miili ya mtaa mzima. Nilijua nani nyonga imeanza kumsumbua kabla hajamwambia daktari, na nani amebeba mtoto upande mmoja mpaka kiuno kimehama. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Wa kwangu sikuujua, na wala haikunijia akilini kwamba siujui.

Sare yangu niliishona mwisho. Ningeweza kumwomba yeyote kati ya wale wanawake anishikie tepu mgongoni, kazi ya nusu dakika. Sikumwomba mtu. Nilifungua daftari la zamani, nikaupata ule ukurasa, nikaiona ile inchi kumi na saba ya mume wangu imesimama pale, nikakata kitambaa kwa kuifuata. Nikiulizwa kwa nini, nitasema nilikuwa na haraka. Ukweli ni kwamba sikutaka mkono mwingine uandike kwenye ukurasa ule.

Kioo changu kinaishia kifuani. Nilipolivaa gauni niliona pindo la mbele linagusa vidole vya miguu, na nyuma nikahisi upepo kwenye mashavu ya miguu ambako haukupaswa kufika. Nilikilaumu kitambaa. Nilisema vitenge vya siku hizi vinavutika ovyo. Nikapiga pasi, nikaenda kanisani.

Nyumba yangu iko juu kwenye mawe, kama nyumba nyingi za upande wetu wa mlima, na kutoka barabarani unapanda ngazi arobaini na mbili. Mume wangu alizijenga na mwashi mmoja, nyingine za saruji, nyingine wamelichonga jiwe lenyewe. Wakati wa kushuka nilishika gauni kwa mkono. Wakati wa kurudi, jua la saa saba likiwa kichwani, nilikuwa nimebeba kitabu cha nyimbo mkono mmoja na mfuko wa nyanya mkono mwingine. Ngazi ya kumi na tisa nikakanyaga pindo la mbele, mwili ukatangulia, miguu ikabaki. Nilianguka kifudifudi. Nilisikia kiganja kikilia, na damu ya kwenye nyusi ikaingia machoni.

Aliyeniokota ni jirani anayeuza mkaa pale chini zinakoanzia ngazi. Alihamia miaka mitatu iliyopita akitokea Buhongwa, na mpaka siku ile tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Alipanda mbio na kanga yake ikiwa nyeusi kwa vumbi, akaniinua, akazifuata nyanya zangu moja moja hadi chini, akanipeleka hospitali. Njia nzima nilikuwa nalaumu kitambaa.

Kiganja kilikuwa kimevunjika, wakakifunga plasta. Nilimweleza daktari kwamba gauni ndilo lililoniangusha. Akauliza lilishonwa na nani. Nikaanza kuikagua plasta yangu. Yeye akapachika kwenye taa picha ya mgongo wangu, waliyoipiga pamoja na ya mkono, akanionyesha pingili mbili zilizobonyea kama sabuni iliyokaa majini, na juu yake shingo inayokwenda mbele peke yake. Alisema kichwa cha mtu ni kizito kuliko anavyodhani, na kikitangulia mbele ya mwili kila siku, ipo siku mwili utakifuata. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimepinda. Nadhani waliona ni uzee, na uzee wa mtu hausemwi usoni pake.

Mwanangu alipiga simu jioni ile ile kutoka Dodoma. Ndiye mtoto pekee niliyebarikiwa, ana kazi ya ofisini na mke mwema, sina la kumsema huyo mke. Aliposikia habari ya ngazi aliniomba nimweleze upya, tangu mwanzo.

"Mama," akasema, "hiyo nyumba itakuua."

Alitaka nihamie kwao. Nyumba yao ni ya chini, haina hata kizingiti, na kuna chumba kimeandaliwa. Nakijua. Nimewahi kulala humo wiki mbili. Asubuhi wote wanatoka, kazini na shuleni, geti linafungwa, nami nabaki na televisheni mpaka jioni nikitazama ukuta wa jirani wenye vipande vya chupa juu yake. Upweke wa Mabatini naufahamu, najua unaingia saa ngapi na unakaa kiti gani. Ule wa Dodoma ulinishinda. Tena hapa kuna ngazi za mume wangu, kuna mlango aliokuwa akiubisha kwa vidole viwili hata akiwa na ufunguo mfukoni. Nilimwambia mwanangu siendi. Akasema basi atakuja kunichukua. Tulivutana hivyo siku tatu, na siku ya nne tukapatana. Likizo yake ilikuwa baada ya miezi mitano. Atakuja, tutapanda ngazi pamoja. Nikizipanda zote arobaini na mbili bila kushika ukuta na bila kusimama njiani, nitabaki. Nikishindwa, nitafunga mizigo bila maneno.

Plasta ilipotolewa, hospitali wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilitegemea mtu mwenye misuli. Nikakuta binti mwembamba, kucha zimekatwa fupi, akanipa shikamoo kwa unyenyekevu kisha akaniita bibi, jambo ambalo silipendi kwa mtu ambaye si mjukuu wangu. Akaniambia nisimame nimeegemea ukuta. Visigino viguse, makalio yaguse, mabega yaguse. Na kisogo? Kisogo hakikugusa. Nilikisukuma nyuma, kidevu kikapanda juu, nikawa natazama dari. Aliniomba nishushe kidevu, akapitisha vidole vyake kati ya kichwa changu na ukuta. Vikapita vinne, vikiwa vimelala bapa, na nafasi ikabaki.

Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo mpaka nikaona ananidharau. Kusimama ukutani asubuhi na jioni. Kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kusaidiwa na mikono. Kusimama mguu mmoja karibu na meza. Kulala chali kwenye mkeka bila mto na kupumua mpaka mbavu zifunguke. Na katika yote, alisema, nijisikilize: nisikilize uzito umekaa mguu gani, taya limebana au limelegea, bega gani limepanda bila kuitwa.

"Nyayo zako zinakwambia nini, bibi?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba nyayo zangu hazijawahi kuniambia kitu, na kama zingekuwa na la kusema zingelisema siku ya ngazi. Alicheka, akaniandikia nirudi baada ya wiki mbili.

Nilikwenda nyumbani, nikatoa kalenda ukutani sebuleni ili nipate mahali pa kusimama. Ukuta ule unatazamana na kiti cha mume wangu. Sijawahi kukihamisha. Kwa hiyo asubuhi na jioni nilikuwa nasimama pale nimebana kidevu, nikitazamana na kiti kitupu, saa ya ukutani ikigonga, na chini barabarani pikipiki zikipita na watu wake. Zile dakika tano zilikuwa ndefu kuliko ibada. Wateja walikuwa wamepungua tangu nivunjike, na kuna siku nzima nilikaa bila kusikia sauti ya mtu ndani ya nyumba ile isipokuwa yangu ikihesabu mara kumi za kiti.

Lakini kusikiliza kukiwa ndiyo kazi uliyonayo, mwishowe utasikia kitu. Nilianza kugundua mambo ya ajabu. Nikinyoosha mkono kuchukua birika, meno yalikuwa yanabana, kana kwamba birika litanipiga. Nikisimama, uzito wangu wote ulikuwa mguu wa kushoto, ule wa kulia umewekwa tu kama wa kuazima. Na shingo haikuwa imeinama mbele peke yake, ilikuwa imelala kushoto pia, sikio la kushoto likielekea chini. Hilo la kushoto sikulielewa. Cherehani ingenipinda mbele, sawa, nimeikalia miaka arobaini. Ingenipindaje upande?

Wiki zilivyokwenda nikakumbuka ndoo. Nimezaliwa ufukweni, upande wa Majita, na toka nikiwa na miaka saba nilikuwa nateka maji ziwani na kuyapandisha nyumbani kichwani, ngata ya majani chini ya ndoo. Mama yangu alikuwa anatembea nyuma yangu, hataki kabisa nitazame miguu. Nitazame mti ulio mbele, mawe miguu itayaona yenyewe. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa rika langu, na tone halikumwagika. Nikajiuliza, yule msichana amekwenda wapi? Basi nikaikunja ile sare ya balaa, mara nne, nikaiweka kichwani, nikaanza kutembea kutoka sebuleni hadi barazani.

Ilianguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Kila ilipoanguka iliangukia kushoto. Nilihesabu safari ishirini na moja mchana ule, na zote zilikuwa kushoto. Nilikasirika, nikaipiga teke, nikakaa kwenye ngazi ya baraza nikihema.

Ndipo nikaelewa. Mume wangu alikuwa anatembea kushoto kwangu.

Alikuwa mfupi. Sijui nilisemeje kwa heshima, kimo chake kilikuwa kinaishia chini ya sikio langu. Siku ya harusi yetu wanawake walicheka nyuma ya mikono yao, nami nikavua viatu vya visigino nikaingia kanisani na kandambili nilizoazima mlangoni. Tangu hapo sikuvaa kisigino kirefu. Tukitembea nilikuwa nashusha shingo kidogo, nashusha na bega, tulingane. Tena yeye alikuwa na sauti ya chini, sauti ya stoo, ya mtu aliyezoea kuhesabu kimoyomoyo, hivyo ukitaka kumsikia lazima umwinamie. Nilimwinamia miaka thelathini na moja. Hakuniomba hata mara moja. Siku moja tukitoka sokoni alisimama katikati ya watu akaniambia, "Usijikunje kwa ajili yangu." Nilikataa kwamba najikunja. Nilimwambia ni uchovu wa cherehani, naye hakurudia.

Amelala miaka tisa. Na mimi miaka tisa nimetembea sokoni, kanisani, kwenye misiba ya watu, shingo imeinama kushoto kumsikiliza mtu ambaye hayupo. Nililia pale barazani mpaka jirani wa mkaa akanyanyua kichwa kule chini akauliza kama kuna shida. Nikamwambia vumbi.

Wiki nzima baada ya hapo sikusimama ukutani. Nilikuwa nimejua sasa kunyooka maana yake nini. Maana yake ni kuliacha lile pengo chini ya sikio langu liwe pengo tu. Nilifikiri, afadhali kibiongo. Mwanangu akipiga kuuliza habari za mazoezi nilimdanganya kwamba naendelea vizuri, na yeye akafurahi, na furaha yake ikanitia aibu.

Kilichonirudisha ukutani ni zile ngazi. Nilikuwa nashuka kwenda dukani, nimeshika ukuta kwa mkono wa kulia, macho miguuni, nikaona kwenye saruji ya ngazi ya chini alama ya kiganja. Ni chake, alikibonyeza siku walipomaliza kazi, saruji ikiwa mbichi. Nimekipita maelfu ya mara. Siku ile nikajiambia waziwazi, nikiendelea kumwinamia nitazipoteza hizi. Nitakaa Dodoma nimepinda vizuri kabisa, na ngazi zake watapanda wapangaji. Nilirudi juu, nikahamisha kiti chake. Sikukitoa ndani, nilikisogeza dirishani tu, ili nikisimama ukutani macho yapite moja kwa moja mpaka nje.

Miezi iliyobaki nilifanya kazi. Sitasema ilikuwa rahisi, mgongo uliuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Vidole vinne vikawa vitatu. Yule binti wa hospitali aliniambia zile pingili zilizobonyea hazitajaa tena, tunachokitafuta ni kingine, mwili ujue ulipo. Nilimpenda kwa kutonidanganya, nikaacha hata kununa akiniita bibi. Sare kichwani ilianza kutulia. Kwanza ikafika mlangoni, halafu ikafika barazani, halafu nikarudi nayo sebuleni. Nilipoanza kuzipanda ngazi nilifanya kama alivyotaka mama yangu, macho juu kwenye bati la nyumba yangu, miguu ikitafuta mawe yenyewe. Na kweli nyayo zikaanza kusema. Zilijua ngazi ya kumi na moja imemomonyoka pembeni. Zilijua saruji inaishia wapi na jiwe linaanzia wapi, jiwe lina joto zaidi.

Mwanangu alifika mchana wa Ijumaa na begi moja. Nilimsubiri chini, karibu na magunia ya mkaa. Alinipa shikamoo, akanikumbatia, na mikono yake ikakaa mgongoni kwangu muda mrefu kuliko kawaida. Najua alikuwa anakagua. Nikamwambia tusipoteze muda.

Nilitangulia. Mikono niliiacha ikining'inia ili aione kwamba haishiki kitu. Ngazi kumi za kwanza nilizipanda nikiwa na hofu tupu. Ya kumi na tisa mguu ulisita, mwili unakumbuka, nikapumua mbavu zikafunguka, nikaipita. Ya thelathini taya likabana, nikalilegeza. Sikusimama. Nilipofika juu niligeuka kumtazama, na mwanangu alikuwa ngazi ya ishirini na sita, begi amelitua, mkono ukutani, anahema.

Alisimama mara mbili kabla hajafika. Nilimchotea maji. Alikunywa akiwa ameinama mbele, kichwa kimetangulia, shingo ya mtu anayeshinda kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama fundi anavyomwona mteja. Ana miaka thelathini na minane. Nilimwambia akirudi Dodoma atafute ukuta.

"Haya, Mama," akasema. "Utabaki."

Alisema polepole, nami nikaona alikuwa na matumaini nishindwe. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu awe na mama yake karibu, na mimi nilikuwa nimefanya mazoezi miezi yote ile ili nisiwe karibu naye. Sikuwa nimelitazama hivyo. Nikaenda jikoni kupika ugali na sato, nikakaa huko muda mrefu kuliko sato alivyohitaji.

Jumamosi aliiona sare iliyokunjwa juu ya cherehani, akauliza. Nilimweleza kosa langu la daftari. Nikasema inabidi niifumue upya ila sina kipimo cha mgongo. Akainuka, akachukua tepu kwenye msumari, mahali inapokaa tangu akiwa mtoto wa kuchezea vifungo chini ya meza yangu. Akasimama nyuma yangu. Amerithi kimo cha baba yake, kwa hiyo ilimbidi anyooshe mikono kuifikia ile pingili ya shingoni. Nilipohisi kidole chake kimekaa pale, mahali palepale, nilivuta tumbo, nikainua kidevu, nikajinyoosha kwa nguvu zangu zote.

"Mama," akasema nyuma yangu, "simama kawaida."

Nikashusha pumzi, nikasimama. Mikono yake ilikuwa na joto. Alisoma kumi na nane, nikamwomba asome tena, ikawa kumi na nane. Mgongo uliopinda una njia ndefu kuliko ulionyooka, tepu inazunguka kilima. Kabla ya mazoezi sijui ingekuwa ngapi, hakukuwa na mtu wa kunipima. Nikamfungulia daftari kwenye ukurasa ule, akaandika kumi na nane yake chini ya kumi na saba ya baba yake. Ana hati mbaya, inalala. Hakuuliza ile ya juu ni ya nani. Alipitisha kidole juu yake mara moja, akalifunga daftari.

Aliondoka Jumanne. Nilimsindikiza hadi chini, nikarudi juu bila kushika ukuta, hakuna aliyekuwa anatazama. Nyumba ilikuwa yangu, kimya kama nilivyoipigania. Niliifumua sare. Mbele nikapunguza, nyuma nikaongeza kipande cha masalia, ua kwa ua mpaka maungio hayaonekani. Nilipoivaa, pindo lilikaa sawa pande zote.

Jumapili nilishuka nimetazama mbele. Katikati ya mapaa ya bati, upande wa magharibi, kuna kipande cha ziwa kinachoonekana kutoka ngazi ya thelathini. Nilikuwa nimesahau kwamba kipo. Mume wangu alikuwa ananionyesha kwa kidole, nami nasema nimekiona huku natazama kidole chake. Nilikitazama sasa peke yangu, muda mrefu, shingo ikitaka kurudi kushoto, nami nikiizuia taratibu.

Chini jirani wa mkaa alikuwa anapanga makopo yake ya kupimia. Alinyanyua macho, akashangaa, akanipima kutoka viatu hadi kilemba.

"Kumbe mama wewe ni mrefu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa sijui."

Nikamwambia mume wangu alikuwa mfupi. Akacheka sana, akidhani ni utani, nami nikaendelea na safari ya kanisani.